Mabakuli Kumi na Moja Niliyoyatia Gundi

Mkinunua au mkirithi bakuli la zamani, msianze kwa kuliangalia. Ligongeni. Liwekeni juu ya kiganja kilicho wazi, mlipige ukingoni kwa ukucha wa kidole cha kati. Bakuli zima litalia, sauti nzito kidogo kuliko ya kikombe cha kaure, lakini litalia na sauti itakaa. Lenye ufa linakohoa. Hata kama ufa wenyewe hamuuoni, litakohoa tu. Macho mtayatumia baadaye.

Nayasema haya kwa sababu kila Ijumaa mnakuja kunipakatisha mabakuli, "Bibi, hili zuri?", nanyi mmeshayaosha kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe. Nani aliwafundisha? Yale si kaure. Ni udongo, udongo mweupe uliovishwa ngozi nyembamba kama kioo. Ngozi ile ikishaingia mistari ya unywele, udongo wa ndani unakunywa kila unachomimina. Ukitia samli, unakunywa samli. Ukitia dawa, unakunywa dawa, na baada ya mwaka ngozi inaanza kubanduka magamba kama samaki. Maji ya vuguvugu, majivu yaliyochungwa, kitambaa laini. Basi, hakuna jengine.

Mie nimeshona mabakuli miaka isiyopungua ishirini, Sur kwanza, halafu Ibra, huku huku Omani. Kushona ndivyo tulivyoita. Bakuli likivunjika tulilitoboa vitundu kwa keke, tukavishikanisha vipande kwa pini za waya wa shaba. Skuli sikukaa. Nilihitimu msahafu Unguja, nikaolewa, na mwanzo wa miaka ya sabini tukahamia Sur, mie na mume wangu Nassor na watoto wawili. Jirani yetu mtaa wa Aija alikuwa mjane wa Kisuri, Bi Moza, aliyekuwa akizungumza Kiswahili cha marehemu mumewe, yaani Kiswahili cha bandarini. Matusi yake yote aliyajua vizuri. Sarufi ndiyo iliyompiga chenga.

Wakati ule chumba cha arusi cha Sur kilikuwa hakikamiliki bila mabakuli. Yalipangwa vidakani, vile vishubaka vya ukuta, na mengine yalitundikwa ukutani safu kwa safu, maua mekundu, majani ya kijani, mistari ya zambarau. Hakuna nyumba moja iliyokuwa nayo ya kutosha, kwa hivyo watu waliazimana. Bakuli linalotembea nyumba hata nyumba linavunjika. Na kila nyumba iliyovunja bakuli la mwenzake ilimjua Bi Moza na keke yake.

Nilimwomba anifundishe. Akanitazama mikono, akacheka.

"Wewe Mzinjibari, hii mkono ya kuponda pweza. Bakuli hii si pweza."

Lakini alinifundisha. Keke yetu ilikuwa ya upinde. Unauvuta upinde mbele na nyuma, kijiti kinazunguka, ncha inakula. Tone la maji kila ukihesabu kumi, la sivyo udongo unapata moto na kupasuka. Hutoboi mpaka upande wa pili. Unaingia nusu ya unene, unasimama. Pini unaipasha moto kidogo kabla ya kuivisha, na ikipoa inajikunja yenyewe na kuvivuta vipande vikabana. Halafu unapaka chokaa na ute wa yai.

Bakuli langu la kwanza nilitoboa mpaka ndani. Nikaziba kitundu kwa chokaa, nikanyamaza, nikampelekea. Bi Moza akaligeuza, akanitazama, akalijaza kahawa.

"Kunywa."

"Bi Moza, kahawa kwenye bakuli?"

"Kunywa, nakwambia. Kazi yako hii."

Nikanywa. Kahawa ikanishuka kifuani mpaka kiunoni. Walikuwapo majirani wawili, wakacheka mpaka wakajifuta machozi. "Mwongeze," akasema mmoja, "upande wa kushoto bado haujalowa."

Jengine nililojifunza kwa aibu ni la kutundika. Bakuli la ukutani unalitoboa kwenye pete ya kitako, hapo panapogusa meza, unapitisha uzi. Mie nikajitia ujuzi, nikanunua uzi wa nailoni kwa sababu ulikuwa mpya na unang'aa. Chumba kizima nikakitundika peke yangu. Alasiri, wanawake wamekaa wanapaka hina, mafundo yakaanza kuteleza, na mabakuli yakateremka moja moja juu ya magodoro kama embe mbivu. Hakuna lililovunjika, bahati tu. Mama wa bibi arusi akasema, "Hata ukuta umechoka kumngoja bwana arusi." Uzi wa pamba, wanangu. Uliopakwa nta. Mafundo mawili.

Kitu kimoja sikukielewa kwa Bi Moza. Pini zake aliziacha wazi, upande wa nje, zinaonekana toka mlangoni. Nikamwambia tuzichimbie ndani kidogo, tuzipake rangi, bakuli lipendeze. Akakataa.

"Mwenyewe akiona pini," alisema, "atashika bakuli kwa mkono mbili."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Mtaniuliza mabakuli yenyewe yalitoka wapi. Tulisema Ulaya, tukaishia hapo. Aliyenieleza ni nesi mmoja Mskochi aliyekuwa hospitali ya Ibra katika miaka ya themanini, tulimwita Sista Ishbeli; nilivyofika kwake mtasikia. Nilimwonyesha kipande, akakishika muda mrefu. Akasema kwa Kiarabu chake cha kuvunjika kwamba jikoni kwa bibi yake Uskochi, kaskazini ya Uingereza, lilikuwapo bakuli la ua hilo hilo, wakilia uji. Yalifanywa kwenye kiwanda cha mji wao, yakapakiwa meli kuja huku kwetu. Waliotia maua walikuwa wanawake. Walikata ua kwenye sifongo, lile dude la baharini, upande wa mzizi ulio mgumu, wakalichovya rangi na kuligonga juu ya udongo: moja, mbili, tatu, bakuli likizunguka. Mkono ukichoka, ua linalala upande. Tangu siku ile kila nikishika bakuli nalitafuta ua lililolala. Tafuteni, mtaliona. Na mle ndani mtaona alama tatu ndogo kama nukta. Hizo si kasoro. Ndipo yalipokuwa yamekaliana tanurini.

Sasa niwaambie habari ya gundi.

Nassor alipata kazi ya udereva Ibra, tukahama. Bi Moza akanipa keke moja, akabaki Aija. Mwanzo wa miaka ya themanini Nassor akaniletea kutoka Matrah gundi ya tyubu mbili, unachanganya hii na ile, unabana, baada ya saa sita kipande hakitoki hata ukivuta kwa meno. Nikajaribu. Nikakwangua kwa wembe, nikajaza mapengo kwa gundi iliyochanganywa na unga wa chaki, nikachora ua kwa rangi za skuli za watoto, na juu yake nikapaka rangi ya kucha ile angavu ya kung'arisha. Ufa ukapotea. Wallahi nililiweka juani, nikalitafuta mie mwenyewe, nisiuone.

Keke nikaitia sandukuni.

Waliokuja kwangu kwa gundi walikuja kwa mlango wa uani. Wengi walikuwa wanawali na wake wapya, kila mmoja kavunja bakuli la mtu na hataki ijulikane. Niliwaambia hili sasa ni la kuangalia, si la kulia chakula, kwa sababu nilishajaribu kulitia maji yanayochemka bakuli bovu la kwangu na likaachia. Nilijua hilo. Nawaambia mapema ili msije mkasema bibi yenu hakujua.

Mmoja wao alikuwa Rayya, mke wa mtoto wa jirani yetu Bi Ghaniya. Bi Ghaniya alikuwa mtu wa Ibra aliyekaa Unguja miaka mingi, mrefu, sauti yake inafika msikitini. Rayya aliingia na furushi la kanga kifuani.

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba. Umebeba nini, kitoto?"

"Maiti." Akafungua. Vipande vinne. "Nilikuwa napangusa kidaka. Kiwiko tu, Bi Salma, kiwiko!"

"Mwambie mkweo."

"Hili lilikuwa chumbani mwake siku ya arusi yake. Mie nina miezi minne nyumbani kwake. Bora nimwambie nimemvunja mguu."

"Yuko wapi?"

"Al Qabil, kwa dadake. Anarudi Alhamisi."

Jumatano jioni lilikuwa limerudi kidakani, na Bi Ghaniya hakuona kitu. Rayya alinibusu mikono. Nami, niseme kweli, nilijiona fundi kuliko Bi Moza.

Ikapita kama mwaka. Idi ndogo, siku ya pili, nikaenda kwa Bi Ghaniya kumpa mkono wa Idi. Uani sufuria la shaba lilikuwa motoni tangu asubuhi, halua inakorogwa, zafarani inanukia mpaka barabarani. Bi Ghaniya alikuwa amekaa kwenye mkeka, upawa mkononi, anaamuru watu.

"Karibu, Bi Salma! Leo huli kwenye sahani ya plastiki. Rayya! Niteremshie lile bakuli la kidaka cha kati. Fundi wa mabakuli atalia bakulini."

Rayya akasimama mlangoni. "Mama, lina vumbi."

"Likoshe."

"Au nilete lile la buluu?"

"Nimesema la kati. Mbona leo unanichagulia mabakuli?"

Nikasema, "Bi Ghaniya, mie kahawa itanitosha."

"Kahawa utakunywa, na halua utakula. Hukuja kufunga."

Rayya akalileta. Bi Ghaniya akachota halua sufuriani, ile inayotoa mapovu mazito, na nafasi niliyokuwa nayo ilikuwa ya maneno mawili: lina gundi. Nikamtazama Rayya, Rayya akanitazama, na sote tukanyamaza. Ila yeye alifanya kitu, mie sikufanya. Alipiga magoti mbele ya mkwewe akasema, "Nipe nikushikie, mama," akalitia bakuli kwenye kiganja chake.

Upawa wa kwanza, likashika. Wa pili, likashika. Wanangu, nitawaambia nililokuwa nikiwaza wakati ule, maana kama nikiwaficha hili hakuna haja ya kuyasema mengine: niliwaza, gundi yangu imeshinda.

Wa tatu likaachia. Halikupiga kelele, lilifunguka tu kama mdomo. Halua ya moto haichuruziki ikaisha, inaganda kwenye ngozi na inaendelea kuunguza. Rayya alipiga ukelele mmoja. Bi Ghaniya akautia mkono ule kwenye ndoo ya maji ya kunywa, akawa anambandua halua kwa vidole vyake mwenyewe, na vyake navyo vikaungua.

Nassor akatupeleka hospitali. Rayya akaingizwa ndani kwa Sista Ishbeli, sie tukakaa kwenye benchi. Vipande nilivifunga kwenye kanga yangu, sijui kwa nini.

"Alinambia lina vumbi," akasema Bi Ghaniya. "Alinambia la buluu. Mie kwa ubishi wangu. Nimemuunguza mtoto wa watu, Bi Salma. Mamake nitamwambia nini?"

Hapo ningeweza kunyamaza mara ya pili. Ingekuwa rahisi, yeye mwenyewe alishajitwisha.

"Si ubishi wako," nikamwambia. "Bakuli lilikuwa limevunjika zamani. Mie nililiunga kwa gundi, na gundi haistahamili moto."

Akageuka. "Ulijua wakati namimina?"

"Nilijua."

"Na ukakaa."

"Nikakaa."

"Nani aliyelivunja?"

"Hilo si langu kulisema."

Akautazama mlango alioingizwa Rayya. Uso wake ulishuka, nikaona uzee ambao asubuhi haukuwapo. "Basi kaniogopa mie kuliko moto," akasema. Halafu: "Na mengine?"

"Mengine yapi?"

"Usinifanye mjinga. Mangapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kumi. Na hili kumi na moja."

"Yamo vidakani mwa watu, na Idi kubwa ina miezi miwili."

"Ndiyo."

"Sasa unafanya nini hapa kwenye benchi? Nenda. Na pole yako usinipe."

Nikaenda. Nassor alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza tu tuanze wapi. Nyumba tatu Ibra, mbili Al Qabil, nne Sur, moja Nizwa. Orodha sikuwa nayo, ilikuwa kichwani, na kila siku niliyochelewa niliona mtoto wa mtu na bakuli la uji wa moto.

Tabu ilikuwa moja. Kila bakuli lilikuwa na siri ya mtu. Nikisema lilivunjika, la pili nitaulizwa ni nani. Nikaamua kusema yangu tu. Naingia, nasalimia, naomba niyaone mabakuli. Nalichukua lile langu, nakwangua rangi kwa ukucha mpaka ufa utoke, nasema: "Hili nililitia gundi na nikaficha. Msilitie kitu cha moto. Mkitaka nitalishona upya kwa pini bila malipo." Wakiniuliza nani alilileta, nasema hilo hawalipati kwangu.

Sur bibi mmoja alinifukuza, akanirushia kiatu mpaka kwenye gari, na mke wa mwanawe kasimama nyuma yake mweupe kama chokaa. Mwengine alicheka, akasema hilo alilivunja yeye, na aliyekuja kwangu kwa siri ni binti yake, amwokoe mamake na ghadhabu ya baba. Al Qabil alikuwapo bi kizee mmoja, haoni vizuri, alilipokea bakuli lake akaligonga kwa ukucha. "Najua," akasema. "Linakohoa. Mwaka wa pili huu nangoja mtu aniambie." Nyuma ya pazia nikasikia mtu anaanza kulia. Bi kizee akasema, bila kugeuza kichwa, "Njoo, mwanangu. Njoo kaa hapa."

Nilipoteza wateja. Mwaka mzima hakuna aliyebisha mlango wangu, wa uani wala wa mbele. Keke nikaitoa sandukuni, nikakaa nayo.

Mkono wa Rayya ulipona, ila kidole cha mwisho mpaka leo hakinyooki. Siku arubaini Bi Ghaniya alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, na vile vidole vyake vimefungwa bendeji, tonge nusu linaanguka. Hawakulitaja bakuli mbele yangu. Lakini miezi mingi baadaye nilikuwa nimekaa uani kwao, nikasikia kitu kinapasuka jikoni, na sauti ya Rayya, kubwa, bila woga:

"Mama! Nimevunja birika!"

"Umeumia?"

"Sijaumia!"

"Basi zoa!"

Mpaka Idi kubwa nilikuwa nimeshafika kwa mabakuli tisa. La kumi ni lile la Nizwa. Nilipofika, mwenye nyumba alikuwa ameshafariki, vitu vyake wamegawana, na vingine vimepelekwa sokoni. Nikaenda sokoni. Muuzaji alilikumbuka, kaliuza pamoja na mengine kwa mtu aliyepita na gari, hamjui. Nilirudi mara tatu. Nikauliza Bahla, nikauliza mpaka kwa watu wa Jabal al Akhdar wanaoteremka na komamanga zao. Sikulipata.

Kwa hivyo lisikilizeni vizuri. Ukubwa wake viganja viwili vilivyofumbatana. Nje lina maua matano mekundu, na kati yake majani ya kijani kama mwezi mchanga. Mstari wa zambarau ukingoni, na wa pili chini karibu na kitako. Ua moja kati ya yale matano wekundu wake umekoza kidogo kuliko mengine, kwa sababu hilo nililichora mie. Pitisheni ukucha chini ya ua hilo kuelekea kitakoni, mtasikia kama mshono.

Liwekeni kidakani, mlitazame mpendavyo. Uji msitie, mchuzi msitie, halua ya moto msitie, wala msimpe mtoto alishike. Na kama ni la kwenu, mmelirithi, msiulizane lilivunjika vipi. Aliyelivunja simtaji. Aliyeuficha ufa ni mie.